Mjumbe wa chama hutumwa na nani?

Agosti 2027 si mbali, na mabarazani kwetu, tangu Malindi mpaka Mtwapa, maneno ni nani atasimama urais. Nadra kusikia mtu akiuliza huyo anayesimamishwa huchaguliwa na nani. Wengi hudhani ni sisi, kwenye kura za mchujo. Lakini mchujo hapa kwetu, ukifanyika, ni wa mwakilishi wadi, mbunge, seneta na gavana. Mgombea urais hupitishwa na mkutano mkuu wa wajumbe, mara nyingi Kasarani, Nairobi.

Wajumbe hao ni wa aina mbili. Wako wanaoingia kwa cheo: wabunge, magavana, wakubwa wa chama. Na wako wanaotoka matawini, kwenye maeneo bunge kama haya yetu saba ya Kilifi. Wote hao, hakuna aliyefungwa na kura ya mtu wa Ganze wala Rabai.

Marekani, katika chama cha Democratic, raia hupiga kura jimbo kwa jimbo, na wajumbe wengi huenda mkutanoni wakiwa wameahidi kumpa kura aliyeungwa mkono kwao. Kando yao wako wakubwa wa chama wasioahidi mtu. Mwaka 2016 walikuwa zaidi ya 700. Wanachama wakalalamika, na 2018 kanuni ikabadilishwa: wasipige kura raundi ya kwanza ikiwa kura zao zinaweza kuamua mshindi. Kwetu wajumbe wote ni kama hao wakubwa. Wote wako huru, angalau kwa karatasi. Maana asiyefungwa na wapiga kura hufungwa upesi na aliyemlipia basi na malazi.

Tazama KANU mwaka 2002. Rais Moi alishamtaja Uhuru Kenyatta miezi kadhaa kabla. Oktoba 14 wajumbe wakampitisha Kasarani. Siku hiyo hiyo Raila Odinga na wenzake waliokwisha kukosana na chama walikuwa Uhuru Park, wakisema Kibaki tosha. Desemba, nilipopiga kura yangu ya kwanza, Kibaki alipata takriban asilimia 62. Ukumbi mzima wa wajumbe haukujua, au haukutaka kujua, nchi inasema nini.

ODM Septemba 1, 2007 angalau walipiga kura: Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Sisi Wapwani tulikuwa na mtu wetu, Najib Balala, wakati huo mbunge wa Mvita, akajitoa na kumuunga mkono Raila. Mjumbe aliyeondoka nyumbani akimtaka Balala alibaki na kura yake mkononi, ampe amtakaye. Aliporudi hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza. Machi 15, 2022 UDA hawakuwa hata na la kuchagua: Ruto alikuwa peke yake.

Kiswahili chetu kinasema mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno anayoyabeba si yake, ni ya waliomtuma. Huyu wa chama tumempa jina hilo hilo, na hatukumpa maneno ya kubeba.

Ungeweza kusema urais ni mambo ya Nairobi, sisi tuna shida zetu. Basi ujue kwamba marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022 yanaruhusu chama kuteua wagombea kwa kura ya wanachama au kwa njia nyingine, wajumbe wakiwemo. Hata mgombea ubunge wa Malindi au Magarini anaweza kupatikana hivyo, nawe ukiwa umekaa nyumbani ukingoja siku ya mchujo.

Nenda tawi la chama chako, chochote kile, uombe orodha ya wajumbe wa eneo bunge lako. Uliza walichaguliwa lini, kikao gani, na nani alikuwepo. Ukipewa majina, wafuate kabla hawajapanda basi.