Kwa nini krili wa Antaktika hujibana katika makundi

KATIKA maji baridi yanayolizunguka bara la Antaktika, kundi moja la krili linaweza kuenea kilometa kadhaa, na ndani ya mita moja ya ujazo wakawamo zaidi ya 10,000. Krili ni wa jamii ya kamba. Aliyewahi kununua uduvi mkavu sokoni anaweza kupata picha yake, ingawa krili ni mkubwa zaidi: hufikia sentimeta sita.

Bahari ya wazi haina mwamba wala mwani wa kujificha, hivyo maficho ya krili ni wenzake. Adui akiivamia halaiki ni vigumu kumlenga mmoja. Hata hivyo, maficho hayo yana gharama, kwani waliobanana hugombea chakula na hewa.

Ndiyo maana kundi hukaza na kulegea kwa kufuata mazingira. Mchana, mwanga unapowaanika kwa pengwini na sili, wengi huzama na kusongamana. Usiku hupanda kula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na kundi hulegea au kutawanyika. Si kanuni isiyovunjwa, maana makundi yameonekana juu ya maji hata mchana. Mikondo nayo huwasukuma na kuwarundika kwenye kingo za visiwa na miteremko ya sakafu ya bahari.

Barafu huamua mapema zaidi. Katika majira ya baridi, krili wachanga hula mwani unaoota chini ya barafu ya bahari; barafu ikipungua, wanaokua na kuingia makundini hupungua. Katika Atlantiki ya kusini-magharibi, ambako maji yamepata joto, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa makao yao yamesogea kusini takriban kilometa 440 tangu miaka ya 1920.

Tabia inayowakinga dhidi ya pengwini haiwakingi dhidi ya nyavu. Meli huyatafuta makundi mazito kwa mitambo ya mawimbi ya sauti, na kundi likibanana zaidi, ndivyo linavyoonekana kwa urahisi. Kikomo cha uvuvi katika eneo hilo ni tani 620,000 kwa msimu, takriban asilimia moja ya krili waliokadiriwa kuwapo mwaka 2019.

Asilimia hiyo ni ndogo, lakini inapotosha. Mwaka 2024 nchi wanachama wa kamisheni inayosimamia viumbe hai wa bahari hiyo zilishindwa kukubaliana kuendeleza kanuni ya kugawa kikomo hicho kwa sehemu mbalimbali. Msimu uliofuata kikomo kilifikiwa kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa mapema, Agosti 2025. Sehemu kubwa ilivuliwa kando ya Rasi ya Antaktika, ambako pengwini mwenye vifaranga hawezi kwenda mbali na kiota kutafuta kundi jingine.