Mbuna Sebuleni: Nasaha kwa Mfugaji Anayeanza

Makala haya yanalenga kumwelekeza mkazi wa Eldoret anayetaka kufuga mbuna, samaki wa rangi wa Ziwa Malawi walio wa jamii moja na ngege. Mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, atafute tangi la kioo la lita 200 hivi. Mbuna hugombania makao. Hivyo mawe yapangwe yawe mapango ya kujifichia wanyonge.

Pili, mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi, ilhali mbuna huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27. Kifaa cha kupasha maji joto, basi, si anasa.

Tatu, kabla ya kutia samaki, chujio liendeshwe wiki nne hadi sita, maji yakitiwa chembe za chakula, ili bakteria wanaovunja sumu ya amonia waongezeke. Wengi hushindwa hapa kwa pupa.

Nne, aliyechoka kufuga asiwamwage samaki wake Mto Sosiani, bali ampe mfugaji mwingine. Maji ya Sosiani huishia Ziwa Victoria kupitia Mto Nzoia. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu, binamu za mbuna. Nyingi zilitoweka baada ya sangara kupandikizwa humo miaka ya 1950. Sangara naye aliingizwa kwa mkono wa binadamu.