Idi ni Kesho au Keshokutwa? Sikukuu kwa Mtoto Mwenye Usonji

Jioni ya tarehe 29 Ramadhani, kila nyumba ya Kiislamu Kariakoo husubiri habari moja. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, mfungo hukamilisha siku 30. Kwa watoto wengi kungoja huku ni sehemu ya furaha yenyewe. Kwa mtoto mwenye usonji, huenda ndiyo saa ngumu kuliko zote za sikukuu, hata kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni. Hautokani na malezi mabaya wala majini. Huathiri mawasiliano na mahusiano, na aghalabu hubadili namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Daktari Leo Kanner, alipoeleza habari za watoto 11 mwaka 1943, alitaja pia jinsi walivyotaka mambo yabaki yaleyale. Sikukuu ni kinyume cha hayo: saa za kula hubadilika, shule hufungwa, nguo huwa ngeni na nyumba hujaa watu.

Mzazi hawezi kumwahidi mtoto siku ya Idi, lakini anaweza kumzoeza kungoja. Achore au achapishe picha mbili, moja ya nguo za Idi na nyingine ya siku ya kawaida ya mfungo. Siku kadhaa kabla, amweleze kwa maneno machache: usiku tutasikiliza tangazo, kisha tutabandika picha moja ukutani. Hivyo hata kutojua kunakuwa hatua inayojulikana. Picha husaidia pia mtoto asiyeongea, maana ataweza kurudi kuitazama kila anapopata wasiwasi.

Kuhusu nguo, ushauri ni mfupi: mtoto asipelekwe Mtaa wa Kongo wiki ya mwisho. Msongamano, vipaza sauti vya wauzaji na kusukumwa vyatosha kumchosha mtu mzima. Mzazi aende na nguo ya zamani kama kipimo, akate lebo ya shingoni, aifue nguo mpya mara mbili tatu ili ilainike, kisha mtoto aivae nyumbani kwa dakika chache kila siku. Akiikataa hata hivyo, avae yake ya zamani iliyo safi. Idi haibatiliki kwa kanzu kuukuu.

Suala la jamaa ni zito zaidi, na wazazi wengi huumia hapa kimya kimya. Mtoto asiyetoa shikamoo huitwa hana adabu. Anayeziba masikio na kulia huambiwa amedekezwa. Ni vema kutofautisha. Mtoto anayedeka hutazama kama anaonekana, na hunyamaza akipewa anachotaka. Mtoto aliyezidiwa na kelele hawezi kujizuia, na kumchapa au kumfokea huongeza kile kilichomzidi. Mzazi ampigie simu mapema mkubwa wa nyumba wanayokwenda, kwa heshima yake: “Bibi, mjukuu wako akikupungia mkono, hiyo ndiyo shikamoo yake leo. Tafadhali asishikwe wala asibusiwe.” Bibi akishakubali, ni nadra shangazi kubisha. Aombe pia chumba kimoja tulivu, abebe chakula ambacho mtoto amekizoea, kwani harufu ya pilau humshinda mwingine, na aondoke mtoto angali mtulivu.

Jambo moja tunalisema bila kuzunguka. Wapo wanaompa mtoto piritoni au dawa nyingine ya usingizi ili “atulie” wageni wakiwapo. Isifanywe. Dawa hizo zinaweza kuleta usingizi mzito wenye hatari, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume, yaani mhangaiko zaidi. Tena, mtoto ambaye tabia yake imebadilika ghafla huenda anaumwa sikio, jino au tumbo lililofunga choo, naye hawezi kusema. Achunguzwe kwanza.

Hatari kubwa ya siku zenyewe ni kupotea. Watoto wengi wenye usonji huondoka bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanaopotea. Kwa familia inayokwenda Coco Beach au kupanda pantoni pale Feri, “sote tunamwangalia” maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna anayemwangalia. Awepo mtu mzima mmoja kwa zamu, naye akimkabidhi mwenzake aseme kwa sauti. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu mkononi mwa mtoto, na apigwe picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Asipoonekana, watafutaji waanzie kwenye maji, na polisi wapigiwe 112 papo hapo.

Yasemwayo hapa yanafaa pia kwa Krismasi, wakati kengele na kwaya zinapojaza makanisa, na kwa fataki za usiku wa Mwaka Mpya, ambazo vifaa vya kuziba masikio kama vya mafundi wa mashine huzipunguza makali.

Mhudumu wa afya anayemwona mtoto huyu kliniki aulize wiki kadhaa kabla: mtakwenda wapi, nani atamshika, na kama anatumia dawa za kifafa, je, zitatosha safari nzima? Kukatisha dawa hizo ghafla huweza kuleta degedege njiani.

Serikali hutoa siku mbili za mapumziko kwa Idi el Fitri. Siku ya kwanza itembelewe nyumba moja, mbili zikizidi. Ya pili iachwe tupu, na mtoto akitaka kupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja hadi adhuhuri, aachwe avipange.