Fremu ya Kaboni Bila Rangi: Hivi Ndio Unaitunza Isikuangushe Njiani

Wasee wa baiskeli wanajua: fremu ya kaboni isiyo na rangi, nyeusi tititi, nyuzi zimepishana kama mkeka, inakaa noma sana. Lakini usiipeleke vile guka alikuwa anapeleka Black Mamba. Ile ya chuma ikigonga kitu inajikunja, unaona, fundi anainyoosha. Kaboni haijikunji. Inaweza kupasuka ndani huku nje iko fiti, halafu ikuachilie ukiteremka Kona Baridi na spidi.

So, cheki vile unaitunza.

Hiyo vanishi ndio koti yake

Fremu ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa na gundi ngumu inaitwa epoksi. Nyuzi zenyewe jua haliziwezi. Shida ni epoksi: miale ya UV ikiichapa muda mrefu, inageuka manjano na kuanza kudhoofika kutoka juu. Kwa sababu hakuna rangi ya kuikinga, ile vanishi nyembamba inayong'aa ndio koti pekee iko nayo. Ikiisha, epoksi iko uchi. Kwa hivyo baiskeli ilale ndani ama kivulini, si kwa balcony inachomwa na jua kutwa nzima.

Kuosha

Maji, sabuni kidogo ya vyombo na spanji laini, basi. Suuza vumbi kwanza, juu ukisugua na mchanga unajichorea fremu mwenyewe. Steelwool hapana. Petroli pia hapana, inaweza kufubaza vanishi. Na ile mashine ya presha ya car wash usiielekeze kwa beringi, itasukuma maji ndani na kutoa grisi. Ukitoka kujituma, panguza jasho, lina chumvi inayokula nati na vyuma. Mara mbili tatu kwa mwaka, paka waksi ya gari isiyo na chembe za kukwaruza.

Mahali kebo inasugua fremu, bandika stika ya plastiki isiyo na rangi. Kebo ikisugua kila siku inakula vanishi hadi ifike kwa nyuzi.

Usikaze kwa hasira

Hapa ndio wengi huua fremu. Kaboni ina nguvu upande ambao iliundiwa, lakini kuminywa haipendi. Nati nyingi za kiti na hendo zimeandikwa kipimo, mara nyingi karibu 5 Nm. Tumia spana ya kupima nguvu, ama tafuta fundi ako nayo. Nguzo ya kiti ikiteleza, usiongeze nguvu na usiweke grisi. Kuna pesti ya kaboni yenye chembe ndogo, inashika bila kukazwa sana.

Ukisafiri ushago, usikubali makanga aifunge kwa keria na kamba imebana mabomba. Ukipeleka kwa fundi, mwambie ashike nguzo ya kiti, si bomba la juu.

Ukianguka, kagua

Osha, ikauke, uikague kwa mwangaza mzuri. Mkwaruzo ukipitisha ukucha na haukwami, hiyo ni vanishi tu. Paka cutex isiyo na rangi, maisha iendelee. Lakini ukiona nyuzi zimekatika, ufa, ama mahali panabonyea kwa kidole, paki hiyo baiskeli.

Pia chukua coin ugonge pole pole ukisonga. Sauti ikitoka kali ghafla ikawa nzito kama mbao imeoza, uliza maswali. Sauti hubadilika pia mahali fremu ni nene, so linganisha na upande ule mwingine. Na hiyo si hukumu ya mwisho, wacha mtu anayejua kurekebisha kaboni aicheki. Ukinunua ya mtumba, fanya hivyo kabla ya kutuma doo.

Usiivue rangi mwenyewe

Kuna wenye wako na fremu ya rangi na wanataka hiyo look ya uchi. Dawa ya kutoa rangi kwa chuma inaweza kulainisha epoksi, na hapo umemaliza fremu. Msasa nao unakata nyuzi, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Kaboni haishiki kutu, na ukiitunza itakaa miaka mingi. Kama hujaikagua tangu uanguke mara ya mwisho, ianze leo, kabla ya ride ya Jumapili.