Lango la Mtandao: Mkalimani wa Mitambo

Wanafunzi wetu wa tafsiri ya kiufundi hukutana mara nyingi na neno "lango". Kiwandani, lango ni bodi ndogo inayopokea ujumbe wa vifaa vya kuongozea mitambo, kwa mfano kwa itifaki ya Modbus iliyoanzishwa mwaka 1979, na kuupitisha kwenye mtandao wa kompyuta. Ni mkalimani.

Kwanza umeme huzimwa, na fundi hupima kuhakikisha umekatika. Katika mfumo wa RS-485, nyaya mbili zilizosokotwa, A na B, hupita kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja usio na matawi. Rezista ya omu 120 huwekwa kwenye kila ncha ya mstari. Kila kifaa cha Modbus hupewa anwani yake, kuanzia 1 hadi 247.

Watengenezaji hawakubaliani: A ya mmoja huweza kuwa B ya mwingine. Nyaya zikipishana, mawasiliano hukatika. Hivyo mfasiri asibadili herufi zilizoandikwa kwenye bodi. Tena, badala ya "Unganisha waya baada ya kuzima umeme", tuandike "Zima umeme, kisha unganisha waya". Fundi hufuata maneno yalivyopangwa. Mpangilio mbaya unaweza kumuua.