Gesi ya Uwani: Kuwa Nje Peke Yake Hakutoshi

Desemba inakaribia, ndugu wataanza kupanda Machame kutoka Dar na Arusha, na wengi wenu mmeshajenga vibanda vya kukalia wageni uwani. Zamani pale palikuwa na mafiga na kuni. Siku hizi ni mtungi wa gesi, jiko kubwa la chuma na sufuria ya supu ya mbuzi. Jiko hilohilo kesho yake linachemsha maji ya kunyonyolea kuku wa oda. Mimi nafurahi kuni zikipungua. Hata Serikali, kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ila kuna kauli naisikia kila nikipita vihambani: "Bwana shamba, hii si iko nje? Haina shida."

Shida ipo, na inatokana na aina ya gesi. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kupotea. Lakini kwenye mtungi wako hamna hiyo. Mna propani na butani, na mchanganyiko huo ni mzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili hivi. Ukivuja unashuka, unatambaa chini kama maji, na kama hakuna upepo unatuama kwenye bonde.

Sasa fikiria uwanja wa Machame. Nani ana uwanja tambarare huku? Gesi itafuata mteremko mpaka kwenye mfongo, shimo la samadi, au mlangoni kwa banda la kuku lililo chini ya nyumba. Ikikuta jiko la mkaa huko chini, moto unaweza kurudi kwa njia ileile hadi kwenye mtungi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua pa kuweka jiko, angalia mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Njia hiyo isiwe na moto, shimo wala mlango. Mtungi usimame wima, chini pawe pagumu, na uwe mbali na jiko kadiri mpira unavyoruhusu.

Kuna hili la turubai. Ukungu ukishuka watu wanafunga kibanda pande zote, wanaacha upenyo juu kwa ajili ya moshi. Hapo hauko nje tena, ndugu yangu. Gesi hii inahitaji upenyo wa chini, usawa wa sakafu. Acha pande mbili wazi kabisa. Na gesi ikiungua mahali palipobanwa inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Inaua watu, na vifaranga kwenye bruda pia.

Jambo jingine ni baridi. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiunganishwa na jiko kubwa, usiku wa Julai, unapoa sana na moto unafifia. Gesi ipo, ila haigeuki mvuke haraka vya kutosha. Nimewakuta wanaosogeza mtungi kwenye makaa ili "uchangamke". Tafadhali, usithubutu! Kwa kazi kubwa tumia mtungi wa kilo 15 au 38, au punguza jiko.

Mpira nao ukague. Panya wanaofuata mahindi yako wanautafuna. Paka povu la sabuni kwenye mpira, regyuleta na maungio. Likitoa mapovu, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

Ukisikia harufu wakati wageni wamekaa, zima moto wote ulio karibu, kisha funga gesi pale mtungini kama unafikika bila hatari. Usiwashe wala kuzima taa, simu usiishike hapo. Watu wapande upande wa juu wa uwanja, wasiteremke, na wawe upande ambako upepo unatokea. Mkishafika mbali ndipo mpige 114, Zimamoto.