Final Fantasy Tactics kwa Kiswahili: Maelezo kwa Mchezaji Mgeni

Makala haya yanakusudia kumwelekeza mtu ambaye hajawahi kucheza Final Fantasy Tactics, mchezo wa kompyuta wa Kijapani, ili aweze kuuanza bila kukata tamaa siku ya kwanza. Huenda msomaji akauliza mambo ya michezo yanalihusu vipi jarida la idara ya Kiswahili. Muhula uliopita tuliwakuta baadhi ya wanafunzi wetu wakiucheza bwenini, nasi tukawaomba watueleze kwa Kiswahili walichokuwa wakikifanya. Kila sentensi ilianza vizuri, ikavunjika katikati, ikamaliziwa kwa Kiingereza. Hao ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, wanaoweza kuijadili riwaya kwa saa nzima bila kuchanganya ndimi. Tuliona kwamba aibu hiyo ni yetu walimu kabla ya kuwa yao, kwani hatukuwahi kuwapa nafasi ya kueleza jambo lenye kanuni nyingi ambalo wao wenyewe wanalipenda. Basi tukaketi nao, tukacheza, na haya ndiyo matokeo.

Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Square kwa ajili ya mashine ya PlayStation, ukatolewa Japani mwezi Juni 1997 na Marekani mwanzoni mwa 1998. Aliyeuongoza na kukiandika kisa chake ni Yasumi Matsuno, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza Tactics Ogre (1995) katika kampuni nyingine. Kisa kinatokea katika ufalme wa kubuni uitwao Ivalice. Vita vya miaka hamsini dhidi ya nchi jirani vimekwisha kwa kushindwa, askari waliorudi hawakulipwa, na makabaila wawili, Larg na Goltanna, wanagombea usimamizi wa kiti cha mfalme. Aliyesoma historia ya Uingereza atakumbuka mara moja vita vya nasaba za Lancaster na York vya karne ya 15. Mchezaji humwongoza Ramza, kijana wa ukoo mkubwa wa Beoulve, aliyelelewa pamoja na Delita, mtoto wa watu wa chini. Tangu mwanzo msimulizi, ambaye ni mwanahistoria, anatuambia kwamba vitabu vimemtukuza Delita na kumsahau Ramza, naye anataka kuonyesha yaliyotokea hasa. Hatutasimulia zaidi; kisa hiki ni nusu ya utamu wa mchezo.

Nusu ya pili ni vita vyenyewe. Uwanja umegawanywa katika miraba kama ubao wa sataranji, ila miraba hii ina vimo tofauti: kuna paa, ngazi, mito na magenge. Kwa kawaida mchezaji hupeleka askari wasiozidi watano. Kila askari zamu yake ikifika anaweza kusogea mara moja na kutenda jambo moja, kwa mfano kupiga, kutibu au kurusha dawa. Kimo si pambo. Mpiga mishale aliye juu ya paa hufikisha mshale mbali kuliko aliye chini, na anayeshambuliwa kwa mgongoni hawezi kujikinga kwa ngao yake. Kwa hiyo mchezaji mgeni ajizoeze kujiuliza maswali mawili kabla ya kumaliza zamu: askari wangu yuko kimo gani, na ameelekea wapi?

Jambo linalowatatiza wengi ni zamu. Hapa hatupokezani kama katika bao au omweso, kwamba wewe ucheze kisha mimi nicheze. Kila askari ana kasi yake. Kasi hiyo huongezwa hatua kwa hatua katika hesabu yake mpaka ifike 100, na hapo ndipo zamu yake inapoingia. Mwenye kasi ya 8 hufika baada ya hatua 13, na mwenye kasi ya 6 baada ya hatua 17. Kwa hiyo wa kwanza, vita vikirefuka, atapata zamu ambazo mwenzake hatazipata. Akisogea na pia kutenda, hesabu yake hupungua kwa 100. Akifanya moja tu kati ya hayo mawili hubakiwa na 20 za kuanzia, na akingoja bila kufanya lolote hubakiwa na 40. Wanafunzi wetu walikuwa wamecheza wiki tatu bila kulijua hili, wakidhani kungoja ni kupoteza zamu. Kungoja ni kuweka akiba.

Uchawi nao una muda wake wa kuiva. Mchawi huanza kunuia sasa, lakini moto hushuka baadaye, huku watu wakiendelea kusogea. Ukiulenga mraba, adui anaweza kuondoka na moto ukaanguka mahali patupu. Ukimlenga mtu, moto utamfuata popote aendapo, hata akija kusimama katikati ya watu wako, na wote wataungua pamoja naye. Kosa hili tumelifanya zaidi ya mara moja.

Tuje kwenye kazi za askari, kwani hapa ndipo lugha ilipotushughulisha zaidi. Kila askari anaweza kubadilishiwa kazi, na katika kila kazi hujipatia alama ambazo hununulia ujuzi. Ujuzi alioupata katika kazi moja anaweza kuuchukua akiwa katika kazi nyingine, na ndiyo maana wachezaji wawili hawafanani majeshi. Wote huanza na kazi mbili tu, ya mwanagenzi wa vita na ya mtu wa dawa, kisha milango mingine hufunguka. Kwa yule mwenye upanga na deraya, kamusi kadhaa zingetupeleka kwenye mpanda farasi, ambalo katika mchezo huu ni kosa kwa sababu hapandi farasi. Tumemwita askari wa ngao. Kwa wale wawili wa uchawi tulipata furaha. Kijapani hutumia neno moja, madoshi, kwa anayeponya na kwa anayeunguza, kisha huwatofautisha kwa rangi nyeupe na nyeusi. Kiswahili hakihitaji rangi. Tayari tuna mganga na mchawi, na hakuna mzungumzaji atakayewachanganya.

Vilevile neno imani lilikaa mahali pake bila kusukumwa. Kila askari ana kiwango cha imani na kiwango cha ujasiri. Mwenye imani kubwa huponya sana na huponywa sana, lakini uchawi wa adui nao humuumiza zaidi. Mwenye imani ndogo haudhuriki sana, wala dua ya mganga haimsaidii sana. Mwanafunzi mmoja alicheka, akasema bibi yake kijijini amekuwa akimwambia maneno hayohayo bila kuuona mchezo. Na imani ikipita kiasi, askari huliacha jeshi na kwenda zake kumtafuta Mungu, asirudi tena.

Askari akianguka hafi papo hapo. Juu yake huonekana tarakimu inayopungua kila zamu yake inapopita. Ikiisha kabla hujamwinua, hugeuka kuwa kito au sanduku, nawe umempoteza moja kwa moja, pamoja na ujuzi wote uliomlimbikizia. Akiwa ni Ramza, mchezo umekwisha. Mgeni ahakikishe basi kwamba zaidi ya askari mmoja anajua kuinua walioanguka. Pigano la mapema katika mji wa Dorter, ambapo wapiga mishale wako juu ya mapaa na wachawi wako nyuma yao, ndilo huwafanya wengi wauache mchezo. Kabla ya kuingia hapo pigana kidogo nyikani ujipatie alama. Wako hata wanaowatupia mawe wenzao wa kikosi kimojakimoja ili wapate alama upesi, na inafaa, ingawa haipendezi machoni. Ila usizidishe, kwa kuwa maadui wa nyikani huongezeka nguvu kadiri na wewe unavyoongezeka.

Sasa turudi kwenye tafsiri, jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Tafsiri ya Kiingereza ya 1998 ilijaa makosa. Lililotufaa zaidi darasani ni la pumzi za joka. Wajapani wamelikopa neno la Kiingereza lenye maana ya pumzi na kulitamka buresu, lakini buresu hiyohiyo hutumiwa pia kama kifupi cha neno lao la mkopo lenye maana ya bangili. Mfasiri akachagua bangili. Kwa miaka kumi wachezaji wa Kiingereza wakapigwa na joka kwa bangili ya moto na bangili ya barafu. Tuliwauliza wanafunzi ni maneno gani ya mkopo katika Kiswahili yangeweza kumpoteza mfasiri namna hiyo, na mjadala ukavuka muda wa kipindi.

Mwaka 2007 mchezo ulitolewa upya kwa mashine ya PSP, na safari hii Joseph Reeder na Tom Slattery waliutafsiri upya kwa Kiingereza cha kale kilichopambwa. Wako walioisifu tafsiri hiyo na wako walioiona nzito. Sisi tunaona ni nzuri, lakini kwa mwanafunzi wa hapa Uganda ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, ni ukuta mwingine. Toleo la simu lilifuata, la iPhone mwaka 2011 na la Android mwaka 2015. Mwezi Septemba 2025 likatoka toleo jipya liitwalo The Ivalice Chronicles, ambalo wahusika wake husema kwa sauti, lina viwango vya ugumu vya kuchagua, na hujihifadhi lenyewe. Kiswahili hakimo katika matoleo yote haya. Anayeanza leo tunamshauri achukue hilo la 2025 na kiwango chepesi, bila haya.

Onyo moja limebaki. Katika sura ya tatu utafika ngome ya Riovanes, yenye mapigano matatu mfululizo. Katika matoleo ya zamani unaruhusiwa kuhifadhi mchezo katikati yake, lakini huwezi kutoka nje kwenda kujiimarisha. Sisi tulihifadhi humo, juu ya akiba yetu pekee, kisha Ramza akakutana peke yake na adui asiyemweza. Tulijaribu jioni nne. Mwishowe tulianza mchezo upya kutoka mwanzo. Hifadhi mara mbili, moja ndani na moja nje ya lango.

Neno ambalo bado hatujaridhika nalo ni hilo la alama za kazi. Mwanafunzi mmoja amependekeza uzoefu, mwingine ujira. Tumetumia alama kwa sasa. Mwenye neno bora zaidi alilete idarani kabla ya toleo lijalo.